Safari ya jangwani ipangwe kwa kumtazama mtoto mdogo

Mzazi mwenzangu, lami ya Isiolo hadi Moyale ni takriban kilomita 500, na dereva mwenye haraka huimaliza kwa siku moja. Ukiwa na watoto, usijaribu. Laleni Marsabit, katikati ya njia, mlimani penye ubaridi, kisha mvuke jangwa la Dida Galgalu asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Hata kama gari lenu lina vitanda na jiko, giza lisiwakute njiani: ngamia huvuka barabara bila taa. Egesheni mjini, penye ulinzi.

Beba lita 5 za maji ya kunywa kwa kila mtu kwa siku, na akiba ya siku moja zaidi. Jaza mafuta Isiolo na tena Marsabit. Mwachie ndugu ratiba yenu, maana mtandao hupotea.

Gari likiharibika, msiliache mkaenda kwa miguu. Kaeni kwenye kivuli chake. Mtoto naye asiachwe ndani peke yake, hata dakika 10. Na ukiona yule msemaji amenyamaza, tena hajakojoa tangu asubuhi, simama, mpe maji, mpumzishe. Moyale haihami.