Tchomia hadi Kinshasa: saa za angani na saa za kweli

Kutoka Bunia hadi Kinshasa ni kilometa karibu 1770 kwa mstari ulionyooka. Ndege ya jeti inayokwenda kilometa 800 kwa saa, bila kutua popote, inaweza kufika kwa saa mbili na nusu hivi, pamoja na muda wa kupaa na kushuka. Mkaaji wa Tchomia anayempeleka mgonjwa Kinshasa akisikia hesabu hiyo, atauliza: saa mbili na nusu za nani?

Safari yake haianzii kwenye uwanja wa Bunia. Inaanzia kando ya Ziwa Albert, kilometa karibu 60 kutoka mjini, kwa pikipiki au gari kupitia Kasenyi na Bogoro. Mvua ikinyesha au usalama ukiharibika, hizo 60 zinakuwa ndefu kuliko 1770. Ndiyo maana wengi hushuka Bunia jana yake, na kulipa chakula na malazi kabla ya kuona ndege.

Kisha kuna vituo. Kisangani iko karibu kwenye mstari wa Kinshasa: kilometa kama 555 kutoka Bunia, halafu 1230. Kutua huko hakurefushi njia. Kinachokula muda ni kungoja chini. Kupitia Goma kulifikisha safari kilometa karibu 1940, na tangu uwanja wa Goma ulipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, tumejifunza jinsi mlango mmoja ukifungwa unavyobana Mashariki nzima.

Hata saa ya mkononi inadanganya. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiruka Bunia saa nne asubuhi na kusafiri saa mbili na nusu, utakuta Kinshasa ni saa tano na nusu. Ukirudi kwa muda uleule, utadhani umetumia saa tatu na nusu. Anayekuja kukupokea asipojua hilo, atakungoja bure au atachelewa.

Tunaomba mambo mawili. Makampuni ya ndege yaandike wazi kwenye tiketi kila kituo na saa ya kufika kwa saa ya mahali, na ndege ikichelewa abiria waambiwe mapema, si baada ya kulala Bunia siku mbili. Serkali nayo ilinde na kutengeneza barabara ya Tchomia, kwa sababu uwanja wa ndege usiofikika haumsaidii mtu.

Entebbe iko kilometa 300 tu kutoka Bunia, na Uganda inaonekana ng'ambo ya ziwa letu. Wakaaji wanaona njia iliyo rahisi. Serkali isishangae wakiichagua, na mji mkuu ukabaki mbali kuliko ramani inavyosema.