Mufwankolo Achezwe Tena

Hapa Lubumbashi watu hurudia jambo moja kama sheria: michezo ya Mufwankolo haiwezi kurudi jukwaani kwa sababu haikuandikwa. Ukitaka kumuenzi mtunzi mkubwa, wanakwambia, mchukue Molière au Césaire, hao wameacha vitabu. Mufwankolo alikuwa mchekeshaji wa redio na televisheni, basi.

Nakataa. Césaire nampenda, na tamthilia yake juu ya Lumumba, aliyeuawa karibu na mji huu mwaka 1961, ina haki ya kuchezwa hapa. Lakini Odilon Kyembe Kaswili, ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Mufwankolo, hakupanda jukwaani kuropoka. Yeye na wenzake walikubaliana juu ya kisa, wakakigawa katika sehemu, wakabishana kila mhusika anataka nini; maneno yakazaliwa mazoezini, kwa Kiswahili cha mitaa yetu. Kama huo si utunzi, utunzi ni nini? Mwaka 1986 waliianza kazi na msemo mmoja tu, kwamba utawala huliwa mzima, haumegwi. Mabishano yao yakazaa mchezo mkubwa uliochezwa kijijini Kawama na kurekodiwa kwa televisheni, Mobutu akiwa bado madarakani. Ulihitaji akili na ujasiri.

Tena maandishi yapo! Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliyanakili mazoezi na mchezo huo kwa Kiswahili chetu, akachapisha kitabu Marekani mwaka 1990. Kabla yake, mwaka 1981, Walter Schicho na Mbayabo Ndala walitoa kitabu kuhusu kundi la Mufwankolo huko Vienna. Na huyo Shakespeare tunayeletewa kama kipimo, alipofariki mwaka 1616 karibu nusu ya tamthilia zake hazikuwa zimechapwa. Waigizaji wenzake ndio waliozikusanya zikatoka mwaka 1623. Mbona yeye hakuitwa mchekeshaji tu?

Kwa hiyo, enyi vijana wa maigizo, kichukueni kisa cha Kawama. Msiige sauti ya mzee, wala msikariri maneno ya 1986, maana yeye mwenyewe hakufanya kazi kwa kukariri. Kaeni mbishane: leo nani anakula utawala hapa, chifu anayeuza mashamba ya watu, au mwenye kampuni ya kobalti? Mkishapata jibu, nendeni mkacheze katika mitaa yetu ya Katuba na Kenya, palipo na watu, kwa Kiswahili wanachokisema.