JKIA: Ndege ni ya saa nne usiku, mbona mathe anataka mtoke saa tisa mchana?

Kila familia hii Nairobi iko na huyu mtu. Ndege ni ya saa nne usiku, lakini kufika saa tisa mchana ashaita gari, sanduku liko mlangoni, na anauliza mbona bado hujavaa viatu. Vijana wanacheka. Ukiangalia vile uwanja wa JKIA umekuwa miaka hii, mathe ndiye ako na rada. Pale kila kitu ambacho sirkal haijamaliza kujenga kinalipwa na masaa yako.

Anza na barabara. Mombasa Road unaijua, hakuna haja ya kuielezea. Expressway ilianza kubeba magari 2022, kilomita 27 kutoka Westlands hadi Mlolongo, na ukiwa na chapaa ya kulipa inakuokoa. Msee wa mathree namba 34 anakaa kwa jam kama kawaida, sanduku kwa magoti. Hakuna pailoti atakayemngoja.

Halafu kuna ile shughuli ya nje ambayo imeshangaza wageni miaka mingi. Kabla mfike kwenye majengo, abiria wanashushwa, dereva anapita na gari peke yake, nyinyi mnapitia kwa mashine kwa miguu, kisha mnapanda tena. Kama ni wakati wa Krismasi na mbogi nzima imekuja kumsindikiza mtu mmoja (shosho, watoto, pastor na kamera yake), hiyo laini si mchezo. Ukiingia jengoni kuna ukaguzi mwingine, na mbele ya geti kuna mwingine. Vaa viatu vya kutoka haraka.

Angalia tiketi yako imeandikwa terminali gani, na umwambie dereva mapema. Safari za nje za Kenya Airways ziko 1A. Za hapa nchini, kama Kisumu na Mombasa, ziko 1D. Ukishushwa pabaya utavuta sanduku mpaka mkono ukatae.

Sasa mbona mambo iko hivi? Majengo ya zamani pale yalifunguliwa 1978, na yalipangiwa abiria milioni 2.5 hivi kwa mwaka. Leo wanaopita ni zaidi ya mara mbili ya hao. Barabara ya ndege kurukia bado ni moja. Ndege moja ikikwama hapo katikati, kila mtu anangoja.

Si ati hakuna mtu aliwahi kufikiria kupanua. Tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza ukumbi wa kupokea abiria wa kimataifa, na kwa muda watu walihudumiwa kwa mahema. Sehemu ya jengo la kuegesha magari ikageuzwa kuwa ya kupokea wageni. Mwisho wa mwaka huo huo Uhuru Kenyatta akazindua Greenfield, terminali kubwa ya kubeba abiria milioni 20. Kufika 2016 mradi ukafutwa. Tukabaki na viraka.

Viraka vikaanza kuvuja. Agosti 2023 stima ilipotea nchi nzima na JKIA ikakaa kwa giza, jenereta ya akiba ikakataa kushika. Waziri wa uchukuzi wakati huo, Kipchumba Murkomen, akaomba msamaha, na bosi wa mamlaka ya viwanja vya ndege akapoteza kazi. Mvua ya 2024 nayo ikaonyesha Wakenya paa likidondosha maji kwa wasafiri. Video zilizunguka mpaka watu wakachoka kucheka.

Hapo ndipo Adani akaingia. Mpango ulikuwa kampuni hiyo ya India iendeshe JKIA kwa miaka 30, iweke karibu dola bilioni 1.85. Wakenya wengi waliusikia Julai 2024 wakati Nelson Amenya alianika stakabadhi mtandaoni. Septemba mahakama ikasimamisha, na tarehe 11 mwezi huo wafanyakazi wakagoma wakiogopa kazi zao. Watu walilala juu ya masanduku. Novemba 21, siku moja baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kutangaza kesi ya hongo dhidi ya Gautam Adani, Ruto akafuta mpango akiwa Bungeni, na wabunge wakapiga makofi.

Kufuta ilikuwa sawa. Deal ya miaka 30 haifai kujulikana kupitia mtandao. Lakini paa halikujiziba siku hiyo, na wale waliokataa Adani wako na haki ya kuuliza plan B iko wapi na tenda itafunguliwa hadharani lini. Hilo swali bado liko mezani, na abiria ndiye anangoja jibu akiwa kwa laini.

Na si abiria wote wanaumia sawa. Msee wa mkutano Dubai akikosa ndege, ofisi inamnunulia ingine. Dada anayeenda kazi ya nyumba Riyadh, ambaye familia imeuza ng'ombe na kukopa chama ili asafiri, akikosa hiyo ndege ni ngori. Huyo pia ndiye anaulizwa maswali mengi zaidi, na baada ya Wakenya kudanganywa kazi Thailand wakajipata kwa kambi za utapeli Myanmar, maswali mengine yako na sababu. Kama ni wewe, beba mkataba wa kazi uliochapishwa, si picha kwa simu tu, na kabla ulipe ajenti hata shilingi hakikisha amesajiliwa na National Employment Authority.

Mengine ni haraka. Kadi ya homa ya manjano ni lazima ukienda Afrika Kusini, na chanjo inahesabika baada ya siku 10, kwa hivyo kuidunga usiku wa safari haisaidii. Chaji simu na uwe na karatasi ya tiketi, stima ikipotea utanishukuru. Piga picha sanduku lako kabla ulikabidhi.

Ukirudi na sanduku halijatokea, usitoke kwa ule ukumbi ukisema utapiga simu kesho. Andikisha ripoti hapo hapo kwa kaunta ya ndege yako na uchukue nakala. Kwa sheria ya kimataifa, ambayo Kenya iko ndani, sanduku likiharibika uko na siku 7 za kulalamika kwa maandishi. Likichelewa, ni siku 21 tangu ulipokabidhiwa.