Chema Chajiuza: Nasaha kwa Wanaowapigia Magoti Matajiri wa Ng'ambo

Lipo jambo linalonikera, nami nikilinyamazia nitakuwa nimewanyima haki yenu. Ni tabia ya watawala kuamini kwamba neema ya nchi hupatikana kwa kumbembeleza tajiri. Nitaieleza kwa mfano wa India, kwa kuwa huko ndiko ilikokomaa, na kwa kuwa huku kwetu Afrika Mashariki wapo wanaoitazama kwa macho ya kutamani.

Makampuni makubwa ya Marekani, Ulaya na Japani yamefungua nchini India vituo vyao wenyewe vya kazi. Hizo si ofisi za kupokea simu za wateja tu. Humo vijana wa Kihindi hufunga hesabu za benki za ng'ambo, huandika programu na kusanifu mitambo itakayotumika dunia nzima. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 vituo hivyo vilipita 1,700, viliajiri watu wapatao milioni 1.9, na mapato yake yalizidi dola bilioni 64. Riziki hiyo ni halali na ni kubwa, wala sina ugomvi nayo. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ugomvi wangu ni na mwenyeji anayejivua shuka lake ili mgeni apate kulitandika.

Tazameni majimbo ya India yanavyoshindana. Mnamo Novemba 2024 Karnataka, jimbo la mji wa Bengaluru, lilikuwa la kwanza kutangaza sera mahsusi ya vituo hivi, likilenga vituo vipya 500 na ajira 350,000 ifikapo 2029. Haukupita muda, Gujarat na Madhya Pradesh nayo yakatoa sera zao. Huyu anamrudishia mgeni sehemu ya pango, yule anamlipia sehemu ya umeme, mwingine anamsamehe ushuru wa hati za ardhi. Tamil Nadu limefika mahali pa kuchangia mishahara yenyewe: asilimia 30 mwaka wa kwanza, 20 mwaka wa pili, 10 mwaka wa tatu, kwa kazi zinazolipa zaidi ya rupia 100,000 kwa mwezi. Na mwaka 2025 Andhra Pradesh liliamua kuipa TCS, kampuni kubwa ya huko huko India, zaidi ya ekari 21 katika mji wa Visakhapatnam kwa paisa 99. Hata rupia moja haikutimia!

Watetezi wanasema kampuni hiyo imeahidi ajira 12,000. Sawa, ahadi ni deni, na tuombe ilipwe. Lakini mwenye akili na ajiulize: kampuni ya huko huko, au ya ng'ambo iliyokwisha kuamua kuja India, ingekwenda wapi kama majimbo yote yangeshikamana na kukataa kuuza ardhi kwa bei ya karanga? Ingekuja vile vile, kwa sababu wahandisi inaowahitaji wako huko. Sasa inakaa kando, inayaangalia majimbo ndugu yakikatana bei, kisha inachagua aliyejidhalilisha zaidi. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Na mnyonge analipa: ushuru anaotozwa mkulima anaponunua sabuni ndio unaochangia mshahara wa mtaalamu anayepokea kwa mwezi mmoja fedha ambazo mkulima huyo hazioni kwa miezi. Dini zetu zote zinatufundisha kumbebea mnyonge mzigo wake, si kumtwika wa mwenye nguvu.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayetaka ushahidi aisome historia ya Bengaluru. Ardhi ya bure ilitolewa huko pia, tena nyingi, lakini angalieni nani alipewa. Mnamo 1907 utawala wa kifalme wa Mysore, uliotawala eneo hilo, ulitoa ekari 371, na ardhi hiyo ilikwenda kwa chuo! Ndicho chuo cha sayansi alichokiwaza mfanyabiashara Jamsetji Tata, akafariki mwaka 1904 bila kukiona, nacho kikaanzishwa mwaka 1909. Mwaka 1940 kikaja kiwanda cha ndege. Baadaye taifa likayaweka hapo makao makuu ya idara yake ya safari za anga. Kizazi baada ya kizazi, mji ukazaa mafundi na mafundi wakazaa wanafunzi. Kampuni ya Marekani ya Texas Instruments ilipofungua kituo chake hapo mwaka 1985, chuo kilikuwa na umri wa miaka 76. Sera ya kwanza ya jimbo kuhusu teknolojia ya habari ilitoka mwaka 1997, wageni wakiwa wamekwisha kuingia ndani na kuvua viatu. Elimu iliwaita, serikali ikaja baadaye kuwakaribisha.

Mji huo huo leo una onyo kwa wanaopenda wageni kuliko wenyeji. Mapema mwaka 2024 visima vyake vingi vilikauka, na watu wakawa wanagombania maji ya malori. Kuwapa punguzo matajiri wakati mfereji wa mwananchi umekauka ni sawa na mzee anayemchinjia mgeni mbuzi wake wa maziwa, na kesho watoto wake wanywe uji mtupu.

Sasa nageuka kwetu. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, tulishangilia. Jiwe la msingi la mji wa teknolojia wa Konza lilipowekwa mwaka 2013, tulishangilia tena. Hayo ni mema. Lakini ni shule ngapi za sekondari katika wilaya na kaunti zetu ambazo mwalimu wa hisabati ni mmoja, naye amechoka? Samaki mkunje angali mbichi. Nawapongeza Wazanzibari, ambao mwaka 2023 walikifungulia milango chuo cha India cha IIT Madras, kikaanza kufundisha kisiwani. Hao wameanzia panapostahili: wameuita mti wa elimu kabla ya kuyaita matunda yake.

Nanyi vijana wa Afrika Mashariki, sina shaka nanyi. Ninyi ni werevu, mnasema lugha mbili tatu, na saa zetu za kazi zinakaribiana na za Ulaya kuliko za Bengaluru. Mnachopungukiwa ni mwalimu, kitabu na subira. Acheni kuikimbia hisabati kana kwamba ni ugonjwa.

Na hapa siwezi kulimeza jingine linalonikaba. Hizi ziara za mafunzo! Msafara mzima wa waheshimiwa huondoka na posho, hutembezwa katika majengo ya vioo ya ng'ambo, hupiga picha, hununua vitambaa, hurudi na ripoti isiyosomwa na mtu. Atakayekwenda Bengaluru na aende, lakini aingie darasani, aulize mwalimu anaandaliwaje na maabara inaendeshwaje. Vinginevyo, fedha hiyo ibaki nyumbani inunue kompyuta za shule. Bandu bandu huisha gogo, na gogo hilo ni hazina yetu.

Waheshimiwa, sisemi mfunge milango. Mpokeeni mgeni kwa heshima, mpeni umeme usiokatika, mahakama isiyopokea rushwa na kibali kisichozungushwa meza kumi, kwa kuwa hayo yanamfaa yeye na mwananchi pia. Mkimpa nafuu ya kodi, iwe na mwisho unaojulikana, na iandikwe kwamba asipotimiza ajira alizoahidi atairudisha. Ardhi mkodisheni, msimgawie. Usiache mbachao kwa msala upitao: kampuni inaweza kuhama mwaka wowote, lakini mtoto aliyesoma hubaki na elimu yake.

Nasi wananchi tusijitoe lawamani. Vikao vya bajeti vikifika, tuhudhurie, tusimame, tuulize maswali mawili: tajiri amesamehewa kiasi gani, na shule imepewa kiasi gani? Diwani au mbunge atakayeshindwa kujibu, tusimchague tena.