Siku Tatu za Reli, Mikumi hadi Mpwapwa



Katika kliniki moja tuliyowahi kufanya kazi palikuwa na kalenda kuukuu ukutani, ambayo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitoa. Miezi yake ilikwisha kupita siku nyingi, lakini picha ilikuwa nzuri: treni nyekundu ikizunguka juu ya daraja la mawe huko Uswisi, na nyuma yake milima mirefu na kijiji kidogo chenye kanisa. Akina mama waliongoja kupima watoto walikuwa wakiitazama na kuuliza, "Nesi, hivi watu hupanda huko kwenda kufanya nini?" Tuliwajibu kwamba huenda kutazama tu. Basi walicheka sana. Kutazama tu! Na nauli yote hiyo!

Kicheko hicho kimeturudia mwaka huu, maana sisi wenyewe, akina mama wa ushirika mmoja hapa Mikumi, tumekaa chini kupanga safari ya kwenda kutazama tu. Hatuendi msibani wala harusini, na hatumpeleki mgonjwa. Tulipoitaja mara ya kwanza kikaoni palikuwa kimya, kisha mama mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa nyumbani tutasema tunakwenda kufanya nini?"

Hapo ndipo tulipoona kazi ilipo. Sisi tunaokaa Mikumi tunaona wageni kila siku. Hifadhi yetu ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kwenda Iringa inaikata kwa kilomita 50 hivi. Wengi wetu tumewaona tembo mara nyingi, lakini tukiwa ndani ya basi, na gunia la vitunguu miguuni. Tumezoea kwamba kutembea ni kwa wageni, na mama mwenye nyumba yake husafiri akiitwa na shida.

Turudi kwenye kalenda. Reli ile ya Uswisi, iitwayo Bernina, ilikamilika mwaka 1910. Mwaka huohuo reli yetu ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma, ikiwa imekwisha kupita Kilosa na kulipanda bonde la Mto Mkondoa katikati ya milima. Kilosa ipo chini, kama mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Dodoma ipo juu ya mita 1,100. Kwa hiyo treni ya mlimani tunayo, tena umri wake unalingana na ile ya kwenye picha. Theluji tu ndiyo hatuna, nasi hatuitaki.

Walio na umri kama wetu wataikumbuka treni ya zamani. Tulipanda tukiwa watoto, daraja la tatu, tumebanwa kati ya mama na mabegi. Kilosa, Munisagara, Mzaganza, Kidete, Godegode, Gulwe: majina hayo tuliyajua kwa vyakula, maana treni iliposimama akina mama walikimbilia madirishani na mabeseni kichwani. Karanga, miwa, mayai ya kuchemsha. Chenji ilirushwa treni ikiwa imekwisha kuondoka.

Siku hizi kuna treni ya umeme. Ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi Juni 2024, na mwezi Julai mwaka huohuo ikafika Dodoma. Reli yake mpya ikitoka Kilosa hupenya milima kwa mahandaki manne. Beseni la karanga halifiki tena dirishani, hilo tunalisikitikia, lakini mtu anafika mchana akiwa hajachoka.

Sasa mpango wetu, kwa wale watakaopenda kuufuata. Ijumaa tutatoka Mikumi kwa gari hadi Kilosa, kilomita 80 hivi, na kulala kwa wenyeji wetu. Jioni tutatembea mjini kutazama majengo ya zamani. Jumamosi tutapanda treni ya mchana kwenda Gulwe, na kutoka hapo kwa gari hadi Mpwapwa. Jumapili tutasali Mpwapwa, kisha tutageuza.

Wapo waliotaka twende Dodoma moja kwa moja, wakaone jengo la Bunge. Tulibishana karibu saa nzima. Mwishoni Mpwapwa ilishinda kwa sababu ni karibu zaidi, na kwa sababu ina mambo yake. Huko Uswisi watu hushuka treni kutazama majumba ya watawala wa zamani. Mpwapwa nayo ni mji wa zamani. Misafara iliyotoka pwani kwenda Unyamwezi ilipumzika pale na kujaza maji, kwani mbele kulikuwa na nyika kavu ya Marenga Mkali kabla ya kuingia Ugogo. Stanley alipita pale mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Wamisionari wa CMS walifungua kituo chao katika miaka ya 1870. Mwaka 1889 Bushiri na watu wake walikishambulia kituo cha Wajerumani palepale, na baadaye mwaka huo Wissmann akaweka askari wake. Mwenyekiti wetu alipoyasikia hayo alisema, "Kumbe wapagazi walipumzika Mpwapwa. Basi na sisi wapagazi tupumzike hukohuko."

Kuhusu fedha. Nauli za kawaida zilizotangazwa na LATRA mwaka 2024 kutoka Dar es Salaam zilikuwa shilingi 18,000 hadi Kilosa, 22,000 hadi Kidete, 25,000 hadi Gulwe na 31,000 hadi Dodoma. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu. Ukitoa, utaona kwamba Kilosa hadi Gulwe ni kama shilingi 7,000 hivi, kwenda tu. Bei kamili ulizeni kabla, pamoja na saa za treni na kama inasimama kituo mnachokitaka, maana ile ya haraka hupita vituo vidogo bila kusimama. Kata tiketi mapema na uwe na kitambulisho. Sisi tumekuwa tukiweka shilingi 2,000 kila Alhamisi kwa mweka hazina tangu baada ya Pasaka. Aliyeshindwa wiki moja hakuulizwa mbele ya wenzake. Hilo tulilikubaliana mapema, na nadhani ndilo lililofanya wasikimbie.

Tumechagua mwisho wa mwezi Juni. Masika yamekwisha, mahindi yako ghalani, shule zimefungwa na watoto wakubwa wapo nyumbani kuwaangalia wadogo. Lakini Mpwapwa na Dodoma wakati huo usiku kuna baridi. Chukueni sweta, msidanganywe na joto la Kilosa. Kilosa kwenyewe chukueni chandarua, mbu wa pale hawana mgeni.

Sisi wauguzi hatuwezi kunyamaza bila kusema ya afya. Mwenye dawa za presha au kisukari azibebe kwenye mkoba wa mkononi, za siku tano hata kama safari ni ya siku tatu, na asiache kumeza eti kwa sababu yuko safarini na choo kiko mbali. Tumewahi kumpokea mama aliyeacha vidonge siku mbili tu kwa ajili ya sherehe, akaletwa kwetu mdomo umepinda. Mjamzito achukue kadi yake ya kliniki, na aliyekaribia kujifungua abaki nyumbani, milima haitahama. Anayetapika njiani akae akitazama mbele, ale kidogo kabla ya kuondoka, atafune kipande cha tangawizi.

Waume zetu? Wengine walikubali upesi kuliko tulivyotegemea. Mmoja aliuliza chumvi inakaa wapi, na hapo tukajua kwamba ameruhusu.

Tulidhani mambo yamekwisha, ndipo mwenzetu mmoja alipofuta jina lake kwenye orodha.

Mwenzetu huyu ni mzaliwa wa Kilosa. Mwishoni mwa Desemba 2009 na kuingia Januari 2010 Mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukaingia mjini na vijijini. Maelfu ya watu walibaki bila nyumba na wakakaa kwenye mahema kwa muda mrefu. Reli ya zamani nayo ilikatika vibaya kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikakosa njia. Baadhi yetu tulikwenda kuhudumu katika mahema hayo, na ndiko tulikomfahamu. Alikuwa na watoto wawili na sufuria moja. Nyumba yake ilikuwa imekwenda na maji usiku, na katika kiwanja chake mto ulikuwa umeacha mchanga na gogo kubwa la mti. Baadaye alihamia Mikumi kwa dada yake, na tangu hapo hajakanyaga Kilosa, hata kwa mazishi ya shangazi yake.

Sisi tulipopanga safari yetu ya raha hatukumkumbuka. Tulikuwa tumemwambia kwa furaha kwamba reli inafuata bonde la mto mwanzo hadi mwisho!

Wengine walisema tumbembeleze. Mama mmoja alisema tubadili safari, twende Udzungwa kutazama maporomoko ya maji, lakini akakumbuka kwamba hayo nayo ni maji, akanyamaza. Tuliamua kwenda kwake wawili tu, jioni, bila daftari la michango. Tulimenya naye maharage mabichi hadi giza likaingia. Hatukumwambia kwamba woga ni dhambi wala kwamba ni siku nyingi zimepita. Mtu aliyesikia ukuta wa nyumba yake ukianguka gizani hahesabu miaka kama sisi. Tulimwambia kwamba fedha yake ipo salama, akitaka atarudishiwa, na kwamba sisi tulikosa kwa kutomuuliza kwanza.

Alikaa kimya akimenya. Kisha akauliza kama reli mpya iko juu kuliko ile ya zamani. Tukamwambia imeinuliwa, na penye milima mibaya inapita ndani ya mlima wenyewe. Akauliza kama mto utaonekana dirishani. Tulimwambia kweli: bonde ni lilelile, mto atauona. Akauliza, mwezi Juni maji yanakuwaje? Hilo alilijua kuliko sisi, naye akajijibu mwenyewe kwamba mwezi Juni watoto huvuka kwa miguu wakitafuta kuni.

Alhamisi iliyofuata alikuja kikaoni akiwa amechelewa, akakaa nyuma. Mweka hazina alipofika kwenye jina lililofutwa aliliruka, kama tulivyokubaliana. Mwenzetu akatoa shilingi 2,000 zake, zikapita mkono kwa mkono hadi mbele, akasema jina lake liandikwe tena, lakini kwa penseli.