Boksi la Usukani Katika Gari la Mzee

Wasomaji wetu, zimo nyumba ambazo gari la mzee, Mercedes-Benz W123 iliyoundwa Ujerumani baina ya 1975 na 1986, hadi leo ndilo liwapelekalo watoto chuoni. Usukani wake ukianza kucheza na mafuta kudondoka chini, tusiseme ni uzee tu.

Kwanza fundi akague viungo vya magurudumu ya mbele, kwani huenda kasoro imo humo wala si kwenye boksi. Asikimbilie kukaza skrubu iliyo juu ya boksi. Ikikazwa kupita kiasi, usukani huwa mzito, nao haurudi wenyewe baada ya kona.

Ikibidi kulibadilisha, magurudumu yatazame mbele sawasawa, na boksi jipya lifungwe likiwa katikati ya mzunguko wake, kwa nati mpya. Mafuta yakisha kutiwa, gari linyanyuliwe mbele, usukani uzungushwe taratibu kulia na kushoto mpaka mapovu yaishe.

Gharama yake ni nzito, twajua. Lakini waketio kiti cha nyuma ni amana. Fedha zisipotimia, gari lingoje uani, nao watoto waende kwa miguu.