Vikao vya visa baina ya dini: vinajenga amani au vinapamba picha?

Vikao vya visa baina ya dini ni mikusanyiko ya mtaani ambamo Waislamu, Wakristo na wafuasi wa dini za jadi huketi pamoja, na kila atakaye husimulia jambo lililompata yeye mwenyewe: msiba, ndoa, ugomvi wa mpaka wa shamba, siku aliyofichwa na jirani asiye wa dini yake. Hapana mada ya mafundisho wala mshindi. Katika Afrika Mashariki huitishwa na mabaraza ya viongozi wa dini, asasi za kiraia, vikundi vya akina mama na mara nyingine serikali za mitaa, hasa baada ya vurugu au uchaguzi unapokaribia. Swali ni kama vinastahili fedha na matumaini yanayowekwa humo. Vinastahili, lakini kwa sharti ambalo waandaaji wengi hulivunja wenyewe: kisa kiachwe kiwe kisa. Kikigeuzwa mjadala, au onyesho, hasara yake yaweza kuzidi faida.

Tanzania inaujua vizuri upande wa mjadala. Kuanzia miaka ya 1980 mihadhara ya kulinganisha dini ilijaza viwanja vya Dar es Salaam na miji mingine. Wahubiri wa Kiislamu waliokuwa wameisoma Biblia kwa kina, kwa mtindo uliovuma kupitia Ahmed Deedat wa Afrika Kusini, walihoji uungu wa Yesu kwa kipaza sauti. Wahubiri wa Kikristo nao wakaitisha mikutano yao kuwajibu. Umati ulikwenda kama uendavyo mpirani, kila upande na timu yake. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalishambuliwa jijini. Februari 1998 ghasia za Mwembechai jijini humohumo, zilizotanguliwa na malalamiko kwamba katika msikiti wa hapo Ukristo unakashifiwa, ziliishia kwa watu kuuawa kwa risasi za polisi. Si haki kuitwisha mihadhara lawama yote, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na manung'uniko ya miaka mingi kuhusu elimu, ajira na nafasi serikalini. Hata hivyo muundo wenyewe ulichochea. Mjadala hauishi mpaka apatikane wa kuaibika, tena mbele ya watu wake.

Kisa hakifungui mlango huo. Mtu akieleza jinsi mama yake alivyofariki usiku wa mvua, na vijana wa dini nyingine ndio waliochimba kaburi, hakuna aya ya kumkanusha. Msikilizaji anaweza kubaki na itikadi yake yote na bado akaondoka anamjua mtu mmoja zaidi. Ndiyo maana vikao vinavyoendeshwa vizuri vina kanuni chache na kali. Msimulizi husema "mimi", hasemi "sisi" wala "nyie". Hanukuu kitabu ili kuthibitisha neno lake. Akimaliza hahojiwi, huulizwa tu pale ambapo hakueleweka. Kwa masheikh na wachungaji waliozoea kushika kipaza sauti kanuni hizi huonekana za kitoto, na mara nyingi wao ndio wa kwanza kuzivunja.

Utafiti mzuri kuhusu nguvu ya hadithi katika ukanda huu ulifanywa kwenye redio, na mgawanyiko uliohusika ulikuwa wa kikabila zaidi kuliko wa kidini, lakini matokeo yake yanagusa kiini cha suala hili. Mwaka 2004 shirika la La Benevolencija lilianza kurusha nchini Rwanda mchezo wa redio uitwao Musekeweya, unaohusu vijiji viwili vilivyoingia katika uhasama. Mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck alivifuatilia vikundi vya wasikilizaji kwa mwaka mzima, baadhi wakisikiliza mchezo huo na wengine mchezo wa masuala ya afya. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2009 yalionyesha kwamba waliosikiliza Musekeweya hawakubadilika sana katika imani zao za ndani. Kilichobadilika ni namna walivyoona jamii yao inakubali nini: kuoana na watu wa upande wa pili, kuaminiana, kusema waziwazi unapopingana na wenzako.

Mtu anaweza kuyaona matokeo hayo ni haba. Si haba. Katika mtaa wenye wasiwasi wengi hawamchukii jirani. Wanachoogopa ni kuonekana wakimtetea. Kisa kilichosikika mbele ya watu arobaini kinampa kila mmoja wao ushahidi kwamba wengine thelathini na tisa nao wamekisikia, na hakuna aliyeinuka kuondoka.

Mashariki mwa Kongo shirika hilohilo lilirusha mchezo mwingine, Kumbuka Kesho. Katika baadhi ya maeneo mchezo ulifuatiwa na kipindi cha mazungumzo kilichowahimiza wasikilizaji wajadiliane, nao wakajadiliana kweli. Lakini Paluck, katika makala yake ya mwaka 2010, alikuta kwamba waliopata mchezo pamoja na mjadala walikuwa na manung'uniko mengi zaidi, uvumilivu mdogo zaidi, na uzito zaidi wa kuwasaidia watu wa jamii wasiyoipenda, kuliko waliopata mchezo peke yake. Waandaaji wa vikao vya dini hupenda kumalizia kwa "haya, sasa tujadili tumejifunza nini". Matokeo ya Kongo yanatosha kuwafanya wakiondoe kipengele hicho kwenye ratiba, chai iletwe.

Jambo la pili ni nani aketi na nani. Tangu mwanasaikolojia Gordon Allport alipochapisha kitabu chake kuhusu chuki baina ya makundi mwaka 1954, wataalamu wamekubaliana kwa kiasi kikubwa kwamba kukutana hupunguza chuki, hasa watu wakiwa na hadhi sawa na wakiwa na kazi wanayoshirikiana. Mtafiti Salma Mousa alilijaribu hilo nchini Iraq kwa kuwaingiza wachezaji Waislamu katika baadhi ya timu za kandanda za Wakristo waliokuwa wamefurushwa makwao na kundi la Dola la Kiislamu. Matokeo ya mwaka 2020 yalikuwa na sura mbili. Wakristo waliocheza na Waislamu walikuwa tayari zaidi kuwapigia kura wachezaji Waislamu wapewe tuzo, na miezi kadhaa baadaye waliendelea kufanya nao mazoezi. Lakini nje ya uwanja, kwa Waislamu wasiowajua, mabadiliko hayakuonekana wazi: kwenda kula mgahawani Mosul, mji wenye Waislamu wengi, kwa mfano, hawakuwa wepesi kuliko wenzao. Wema ulibaki kwa watu wenye majina na sura zinazojulikana. Kwa hiyo kikao kinachowakusanya hotelini wajumbe kutoka wilaya sita, ambao hawataonana tena mpaka semina ijayo, kinapanda mbegu mahali ambapo hakuna atakayemwagilia.

Watu wa Afrika Mashariki tayari wanacho kikao cha majirani kisicho na bango, nacho ni matanga. Katika mitaa mingi ya Tanga, Dar es Salaam, Morogoro au Mombasa msiba hauulizi dini. Turubai linafungwa, viti vya kukodi vinapangwa nje kwa wanaume, majamvi yanatandikwa ndani. Nyuma ya nyumba, kwenye mafiga, wanawake wa dini zote wanamenya vitunguu na kuchambua mchele, na hapo ndipo habari za marehemu husimuliwa bila kupambwa: alimkopesha nani, aligombana na nani, alimlea mtoto wa nani. Familia nyingi zenyewe zimechanganyika. Kaka ni Juma, dada ni Maria, na baba yao huzikwa kwa sanda huku binti wa kanisani akiwapikia wasoma hitima.

Chakula hicho huliwa na wote kwa sababu ya mapatano madogo ambayo hayajaandikwa popote. Mwenyeji Mkristo humwita Mwislamu amchinjie mbuzi au ng'ombe, ili mgeni yeyote asisite kutia mkono sahanini. Ugomvi wa Februari 2013 huko Buseresere, Geita, ulizuka hapohapo penye mapatano hayo: baadhi ya Wakristo walitaka kuchinja na kuuza nyama wenyewe, wakahoji kwa nini kisu kiwe cha Waislamu peke yao, na mchungaji mmoja akauawa. Hoja ya usawa ilikuwa na uzito, na hoja ya mazoea vilevile. Zilipopambanishwa kama hoja hazikuacha nafasi ya kurudi nyuma. Pengine mwenye bucha akieleza kilichompata sokoni, na mzee aliyechinja katika shughuli za Wakristo miaka nenda miaka rudi akieleza alivyojisikia siku alipoacha kuitwa, mazungumzo yangeanzia mahali pengine. Hakuna wa kuapa kwamba damu isingemwagika. Lakini suala la nani achinje ni aina hasa ya suala linalofaa vikao hivi: dogo, la karibu, na lenye uchungu ambao sheria haiufikii.

Si kila kisa kinafaa, na hapa waandaaji hukosea kwa wema. Hupendelea visa vya mashujaa. Kisa cha basi la Mandera ni mfano mkubwa. Tarehe 21 Desemba 2015 wapiganaji wa al-Shabaab walilisimamisha basi kaskazini mashariki mwa Kenya wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa, wengine wakawapa Wakristo hijabu za kujifunika. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi na akafariki Januari 2016. Filamu fupi ya Watu Wote, iliyotokana na tukio hilo, iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Kisa hiki kinastahili kusimuliwa kila mahali. Lakini Novemba 2014, katika kaunti hiyohiyo ya Mandera, abiria 28 walishushwa kutoka basi jingine na kuuawa kwa kutokuwa Waislamu, na Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Kikao kinachokumbuka basi la mwaka 2015 na kulinyamazia lile la 2014 humwambia aliyefiwa kwamba msiba wake unaharibu mazungumzo. Hatarudi.

Wanaolijua hili vizuri ni watu wawili wa Kaduna, Nigeria. Imamu Muhammad Ashafa na Mchungaji James Wuye walikuwa katika makundi ya vijana yaliyopigana. Katika mapigano ya mwaka 1992 Wuye alipoteza mkono wa kulia, na Ashafa akampoteza mwalimu wake wa kiroho pamoja na binamu zake wawili. Mwaka 1995 wakaanzisha kituo chao cha usuluhishi. Baadaye walifika Burnt Forest, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, kusaidia upatanisho baada ya machafuko ya 2007 na 2008, ambayo yalikuwa ya kikabila na kisiasa. Wakisimulia, hawajifanyi kuwa hawakuchukiana. Kila mmoja hueleza alivyotaka kulipiza kisasi, na hilo huwapa wasikilizaji ruhusa ya kutaja ya kwao.

Visa vya manabii, ambavyo hupendekezwa mara nyingi kwa kuwa ni mali ya pande zote, vinafaa kidogo kuliko inavyodhaniwa. Yusufu hana tatizo kubwa. Ibrahimu na mwana aliyetaka kumtoa sadaka humrudisha kila mtu kwenye mihadhara: ni Ismaili au Isaka? Kisa cha kusilimu au kuokoka ni kigumu zaidi. Kwa msimulizi huenda ndicho kisa kikuu cha maisha yake, na kwa familia aliyoiacha ni kidonda. Kukipiga marufuku ni kumfunga mdomo. Kukiruhusu bila mipaka ni kufungua mkutano wa injili au daawa kwa jina jingine. Kinachowezekana ni kumwomba aeleze kilichompata nyumbani baada ya kubadili dini, asieleze kwa nini dini mpya ndiyo ya kweli.

Wafuasi wa dini za jadi nao mara nyingi hualikwa bila kupewa nafasi ya kusimulia. Wazee wa kaya wa Mijikenda, wa pwani ya Kenya, ambao misitu yao mitakatifu iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, wakialikwa huombwa kufungua kwa tambiko na kupigwa picha na vibuyu vyao, kisha wengine ndio wazungumze.

Simu nazo ni tatizo la karibu zaidi. Oktoba 2012 huko Mbagala, Dar es Salaam, ubishi wa watoto wawili kuhusu Kurani uliishia kwa makanisa kushambuliwa; habari hukimbia haraka, na leo hukimbia zaidi. Kipande cha nusu dakika kilichokatwa kutoka katika simulizi la uchungu kikitumwa kwenye makundi ya WhatsApp kitafika kama tusi. Kurekodi kusiruhusiwe kabisa, hata na wafadhili wanaotaka ushahidi wa matumizi ya fedha zao.

Tena kuna mambo ambayo visa haviyawezi. Makanisa yaliyochomwa Zanzibar mwishoni mwa Mei 2012 yalichomwa katika siku za mvutano kuhusu Muungano na kukamatwa kwa viongozi wa kundi la Kiislamu la Uamsho. Swali la katiba halijibiwi na kisa cha jirani, wala kesi ya ardhi, wala malalamiko ya mtu aliyepigwa na polisi. Mwongoza kikao asiyeweza kusema "hili lipelekwe mahakamani" hugeuka chombo cha kuwatuliza wanaodai haki, na serikali zina sababu zao za kupenda vyombo vya namna hiyo.

Fedha zinazotengwa kwa ajili ya vikao hivi zingefaa zaidi zikigawanywa katika mafungu madogo: mtaa mmoja, watu wasiozidi arobaini, mara moja kwa mwezi kwa mwaka mzima, wanawake wakiwa nusu au zaidi. Imamu na padri wabariki kisha wakae jamvini na wasubiri zamu yao. Posho isiwepo, maana kikao chenye posho huwavuta wazoefu wa semina, na hao visa vyao vimeshasikika.